Kwaya inaimba mbele ya watu mia tano, jirani wa mlango wa pili hajaambiwa neno: woga wa kushuhudia unatoka wapi?

#1 Mtumishi_wa_Mtaa
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mtu anasimama Jumapili na kwaya, anaanzisha wimbo peke yake, sauti haitetemeki. Jumatatu asubuhi yuko bombani na mama wa nyumba ya pili, wanangoja ndoo zijae, dakika ishirini nzima. Wanaongea bei ya mkaa, wanaongea mvua, wanaongea mtoto anayekohoa. Habari za Yesu hazitoki.

Hoja yangu ni kwamba tumewafundisha watu vibaya. Tumewaambia woga ni dhambi, waombe uondoke. Wanaomba, wanakwenda kwa jirani, moyo unadunda vilevile, basi wanajihesabu kwamba hawana Roho na wananyamaza kabisa. Someni Matendo 4:29. Petro na Yohana wametoka kutishwa na Baraza la wakuu wa Wayahudi. Kanisa haliombi vitisho viondolewe, wala haliombi mioyo iache kudunda. Linaomba kunena neno "kwa ujasiri wote" huku vitisho vikiwa palepale.

Nauliza wanaofundisha uinjilisti hapa: woga huu hasa ni wa nini, na mnaufanyia kazi vipi? Tafadhali mje na hatua za kufuata, mistari mitupu tunayo mingi.

#2 Moto_wa_Juu
Amina. Jibu ni fupi, mtumishi: hawajajazwa. Petro alimkana Bwana mbele ya kijakazi, majuma saba baadaye amesimama Yerusalemu mchana kweupe anawaambia watu "mlimsulibisha". Katikati hapo hakusoma kozi, ilitokea Matendo 2. Mkusanye kundi lako, mfunge na kuomba, kisha mtoke. 1 Timotheo 1:7 iko wazi, Mungu hakutupa roho ya woga.

#3 Mwalimu_wa_Neno
@Moto_wa_Juu ni 2 Timotheo 1:7, mpendwa. Na mstari unaendelea: "bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi". Hicho kipande cha mwisho huwa tunakiacha njiani.

Halafu Petro huyohuyo aliyejazwa, Wagalatia 2:12 inasema alijitenga na watu wa Mataifa mezani kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo. Paulo anawaambia Wakorintho alikuwa kwao na "hofu na matetemeko mengi" (1 Kor 2:3), na Bwana alimtokea usiku mjini humohumo akamwambia asiogope, anene tu (Mdo 18:9). Kwa hiyo kujazwa na kuogopa vinakaa ndani ya mtu mmoja. Ukifundisha kwamba kimoja kinafuta kingine, unawaumiza wanyofu, maana wenye kujidai hawatakiri kwamba wanaogopa.

#4 Moto_wa_Juu
Asante kwa masahihisho ya Timotheo. Lakini Matendo 4:31 inanibeba mimi: mahali palitikiswa, wote wakajazwa, ndipo wakanena. Na hawa walikwisha jazwa sura ya pili, maana yake mtu anahitaji kujazwa tena na tena. Sisemi watu wajidai. Nasema hatua zenu zote zikiwekwa mbele ya maombi, tutapata wasemaji wazuri wasio na upako.

#5 Mama_Uinjilisti
Wanangu, kabla hamjafika mbali. Ukimkalisha mtu akakueleza anaogopa nini, mara nyingi unakuta anaogopa sentensi ya kwanza. Hajui aanzeje. Mwenye kwaya ana maneno yaliyokwisha andikwa na wenzake thelathini wako pembeni, ndiyo maana sauti haitetemeki. Bombani hana karatasi na hana mwenzake.

Tunafanya hivi katika mafunzo. Kila mmoja anaandika ushuhuda wake kwenye ukurasa mmoja wa daftari, usizidi. Mistari mitano ya maisha kabla, mitano ya jinsi alivyokutana na Kristo, mitano ya sasa. Kisha anaufuta mara tatu:

Mara ya kwanza anafuta lugha ya kanisani: upako, kufunguliwa, kuvunja madhabahu, kuteka anga. Jirani hajui maana yake, na asipoelewa anahisi anahukumiwa.

Mara ya pili anafuta dhambi zilizozidi. Watu wanapenda kurefusha sehemu ya "kabla" mpaka msikilizaji anakumbuka pombe na kumsahau Yesu.

Mara ya tatu anapunguza sehemu ya "sasa", maana hapo ndipo uongo unapoingia. Kama kodi bado inamsumbua, asiseme maisha yamenyooka.

Ukibaki unasomeka kwa dakika tatu, umefika. Wanakaa wawili wawili na simu ya kupima muda, anasema bila kusoma, mwenzake anamkatiza katikati kwa swali la kawaida kama "kwani wewe kanisa gani?" au "hizo si biashara za wachungaji?" Kukatizwa ndiko kunakomfundisha. Atakayezoea kukatizwa na rafiki yake hatakatika akikatizwa na mgeni.

Sentensi ya kwanza yenyewe isiwe ya mtego. "Mama Asha, naweza kukuombea mtoto kwa ajili ya hicho kikohozi?" inatosha. Akisema hapana, umesikia hapana, endelea kumsaidia kubeba ndoo.

#6 Jirani_Mwema
Shikamoo Mama. Naunga mkono mafunzo, ila kuna woga ambao daftari halitibu. Mtu anadaiwa dukani elfu kumi na nne tangu mwezi wa pili, anapita njia ya nyuma ili mwenye duka asimwone. Huyo atamshuhudiaje mwenye duka? Anachokiita woga ni dhamiri inamwambia asubiri kwanza. Mtaa unakujua kuliko mchungaji wako. Wanajua unavyomwita dada wa kazi, wanasikia unavyogombana na mkeo usiku, ukuta ni mmoja.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kulipa deni. Huna yote? Nenda mchana, mlango wa mbele, na kiasi ulichonacho na tarehe ya salio. Usishuhudie siku hiyo, utaonekana unanunua msamaha. Rudi ukiwa umemaliza.

#7 Mlokole_wa_Kagera
@Jirani_Mwema huo ndio Uamsho wa Afrika Mashariki wenyewe. Septemba 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na mmisionari Dk. Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na moto ukashika Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaja Bukoba na Kenya. Alama yake kubwa mtaani ilikuwa watu kurudisha vitu: jembe la bwana shamba, shuka la hospitali, fedha za mwajiri. Mtu akishaweka jembe mbele ya aliyemwibia na kusema "nilikuibia, Yesu amenisamehe, naomba na wewe unisamehe", hakuna tena la kumwogopesha. Siri yake imekwisha sema yeye mwenyewe.

Na upinzani wa kwanza haukutoka kwa wapagani. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia Mukono, Uganda, walifukuzwa, William Nagenda akiwamo, kwa sababu ya kuamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri pale chuoni walipokatazwa. Anayefundisha ujasiri afundishe na hili: huenda wa kwanza kukunyamazisha akawa mzee wa kanisa lako.

#8 Mwalimu_wa_Neno
Hapo kwenye Mukono tuwe waangalifu kidogo, Mzee. Wale vijana waliamini wanatii dhamiri, na uongozi nao uliona unalinda utaratibu wa chuo. Kukaidi utaratibu na kupingwa kwa ajili ya Injili vinaweza kufanana kwa nje. 1 Petro 4:15 inataja hata anayejishughulisha na mambo ya watu wengine kati ya wasiotakiwa kujisifia mateso.

#9 Mlokole_wa_Kagera
Sikatai. Ila wengi wao hawakuacha kanisa wala kuanzisha dhehebu jipya, walibaki ndani wakivumilia. Tunda lionekane.

#10 Kijana_wa_Mkutano
Mimi naona mnaongelea woga wa bombani, sisi wa mikutano ya nje woga wetu ni mwingine kabisa. Mtendaji anakuja anasema mna kibali? Polisi wanakuja wanasema mna kibali? Vijana wakishabebeshwa spika hadi kituoni mara moja, mkutano unaofuata hawaji. Bila kibali mikononi ujasiri unatoka wapi?

#11 Wakili_wa_Kona
Ndugu, tuweke maneno sawa, maana woga mwingi hapa ni wa kutojua sheria. Nasemea Tanzania Bara.

Katiba ya 1977, Ibara ya 19, inakupa uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kubadilisha dini, na inasema kazi ya kutangaza na kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi, kwa kufuata sheria za nchi.

Neno "kibali" kwa mkutano wa hadhara ni la zamani. Lilipingwa mahakamani na mchungaji, marehemu Christopher Mtikila, katika kesi namba 5 ya 1993, Mahakama Kuu Dodoma, mbele ya Jaji Lugakingira. Baada ya hapo sheria ikawa ya taarifa. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura 322, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo, angalau saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na lengo. Polisi wanaweza kuzuia kwa sababu za usalama, hilo lipo, lakini barua yako ni taarifa.

Kwa vitendo: andika barua nakala nne. Moja polisi, moja ofisi ya serikali ya mtaa, moja kwa mwenye kiwanja, na ya nne unagongewa muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Hiyo ya nne ndiyo ujasiri wako, iwe mfukoni mwa mtu mmoja mtulivu ambaye kazi yake siku hiyo ni kuongea na wanaokuja kuuliza. Mhubiri asishuke jukwaani kujibizana. Watu wanaharibikiwa kwa kupeleka barua saa kumi jioni ya siku moja kabla, au kwa kutoa taarifa ya siku mbili na kuhubiri tano.

Na kuna upande wa pili. Kanuni ya Adhabu, Sura 16, vifungu vya 125 hadi 129, vinakataza kukashifu dini na kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Kumtangaza Kristo hakuguswi hapo. Kumtukana mtume wa mwenzako kunaguswa, na hakustahili kuitwa ujasiri.

#12 Kijana_wa_Mkutano
Asante sana, wakili. Nimeinakili hii ya nakala nne.

#13 Fundi_Spika
Naongezea kwa upande wangu, maana upinzani mwingi wa mikutano ni wa kelele, halafu tunauita vita ya kiroho.

Honi (zile spika za tarumbeta) zinapeleka sauti mbali na kwa makali. Watu walioketi mbele hawasikii maneno vizuri, mgonjwa aliye mtaa wa tatu anasikia kila kitu. Kwa watu mia mbili acha honi. Chukua spika mbili za boksi, ziweke kwenye stendi, ziwe juu kidogo ya vichwa vya waliosimama, zielekezwe ndani kwenye watu kama mtu anayekumbatia. Mhubiri akae nyuma ya mstari wa spika. Akitembea mbele yake mike inashika sauti yake yenyewe na kupiga mluzi, naye anadhani ni mapepo.

Mike iwe vidole vinne kutoka mdomoni. Mwenye woga huwa anaishusha hadi kifuani bila kujua, fundi anaongeza sauti, mluzi unapiga, anaogopa zaidi. Mpe mike ya kwenye stendi.

Kipimo cha jirani: kabla ya kuanza nenda nyumba iliyo karibu zaidi, piga hodi, simama mlangoni uongee na mwenyeji huku wimbo unapigwa. Mkilazimika kupaza sauti, punguza. Mwachie namba ya simu ya mtu atakayepunguza akiomba. Zipo kanuni za mazingira za 2015 kuhusu kelele, usingoje ukumbushwe.

#14 Binti_wa_Pwani
@Fundi_Spika hapo kwenye jirani umegusa pwani yetu. Ongeza saa. Mkiwa karibu na msikiti, anzeni saa kumi na robo baada ya alasiri kuisha, mmalize saa kumi na mbili kasoro robo kabla ya adhana ya magharibi. Mkikutwa katikati na adhana, zimeni spika, mngoje. Hampungukiwi kitu, na wazee wa mtaa wanaona.

Hofu yangu ni mihadhara ya kushindana. Vijana wanadhani kumshuhudia Mwislamu ni kumshinda kwa hoja mbele ya umati. Umati wa mhadhara umekuja kuhesabu mabao. Hata ukijibu vizuri, mtu aliyeguswa hawezi kuinua mkono mbele ya binamu zake.

#15 Moto_wa_Juu
Paulo alihojiana Efeso, dada. Tukinyamaza vijana wetu wanayumbishwa na maswali.

#16 Mwalimu_wa_Neno
Alihojiana, ndiyo, na Matendo 19:9 inasema baadhi walipokaidi na kuitukana Njia aliondoka akahamia darasa la Tirano, akakaa huko miaka miwili. Kujua lini uondoke ni sehemu ya ujasiri pia. Mathayo 10:23 Bwana mwenyewe anasema wakiwaudhi mji huu, kimbilieni mwingine.

Kuhusu maswali, moja linaulizwa kila siku: "Nionyeshe Yesu aliposema kwa maneno haya, mimi ni Mungu, niabuduni." Swali linadai sentensi kwa mpangilio wa muulizaji. Asiye na mafunzo anaanza kufunua kurasa kwa mikono inayotetemeka, na umati unacheka. Asitafute sentensi. Afungue Marko 2:5-7, Yesu anasamehe dhambi na waandishi wenyewe wanasema ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu. Kisha Marko 14:61-64, kuhani mkuu anamuuliza waziwazi, anajibu, na wanampa hukumu ya kufuru. Mwulize muulizaji: kwa nini walimhukumu kufuru? Mistari miwili, kitabu kimoja, alama mbili za utepe zimewekwa tangu nyumbani.

Na swali usilolijua, sema "hili sijui, nitakuletea jibu Alhamisi". Alhamisi uende kweli.

#17 Mama_Uinjilisti
Hapo kwenye mikono kutetemeka, ushike Biblia yenye jalada gumu. Karatasi moja inaonyesha kila mtetemo, Biblia nzito haionyeshi. Weka kidole kwenye ukurasa, uifunge. Kabla ya kusema, toa pumzi polepole mpaka iishe, ndipo uvute nyingine. Watu wenye woga huvuta pumzi nyingi juu ya nyingine, kifua kinajaa, sauti inatoka nyembamba. Mdomo ukikauka, chupa ya maji isiwe kwenye begi, iwe mkononi mwa mwenzako. Ndiyo maana Bwana aliwatuma wawili wawili, Luka 10:1.

#18 Ustaarabu_Kwanza
Vipi kutumia Kurani kama daraja? Sura ya 3 aya ya 45 inamwita Isa Masihi na Neno kutoka kwa Mungu. Wengi wanaanzia hapo.

#19 Binti_wa_Pwani
Mimi siungi mkono. Ukisimamisha hoja juu ya kitabu chao, umewaachia wao kusema maana yake, na wanaijua kuliko wewe. Ukikosea kutamka neno moja la Kiarabu mazungumzo yamehamia kwenye ulimi wako. Mwombe jirani msome pamoja Luka, sura moja kwa juma, sebuleni kwake, mlango wazi.

#20 Ustaarabu_Kwanza
Lakini asiyekubali kushika Luka kabisa? Aya ileile ndiyo inayomfanya aulize "Masihi maana yake nini?" Sisemi ujenge nyumba juu yake, nasema ni hodi tu.

#21 Binti_wa_Pwani
Kama ni hodi, sawa, na uisome kwa tafsiri ya Kiswahili, kwa heshima. Bado naona hatari.

#22 Msafiri_wa_Muscat
Salamu kutoka ng'ambo. Mnaongelea katiba na barua za polisi, je, sisi dada na kaka tulio kazini nchi za Kiarabu za Ghuba? Huku hoja za #11 hazifiki.

#23 Wakili_wa_Kona
Kweli kabisa, hazifiki, na mtu asizibebe huko. Oman wasio Waislamu wanaruhusiwa kuabudu katika maeneo yaliyotengwa, Muscat ni Ruwi na Ghala. Qatar kuna eneo la makanisa Mesaimeer nje ya Doha, kanisa la kwanza lilifunguliwa 2008. Kueneza dini hadharani kwa Waislamu kumekatazwa. Kwa mfanyakazi wa ndani hatari inaongezeka, kwa kuwa mwajiri ndiye mdhamini wa ukaazi wake.

Kwa hiyo: usigawe vipeperushi, usitume mahubiri kwenye kundi la WhatsApp lenye watu usiowajua, na kamwe usimfundishe mtoto wa mwajiri habari za dini, hata akiuliza. Mwambie amuulize mama yake. Namba ya ubalozi iandike kwenye karatasi, usitegemee simu pekee.

#24 Mwalimu_wa_Neno
Na @Msafiri_wa_Muscat asome 2 Wafalme 5:2-3. Kijana wa kike, mateka, mtumishi wa ndani kwa mke wa Naamani, ugenini. Hakuhubiri. Alisema sentensi moja kwa bibi yake, kwa kumhurumia bwana yake mgonjwa, na jemadari akaondoka kwenda Israeli. Jina lake halikuandikwa. 1 Petro 3:15 nayo inasema kuwa tayari kumjibu anayeuliza, "kwa upole na kwa hofu". Anayeuliza. Huku nyumbani tunaruka hilo neno.

#25 Moto_wa_Juu
Mpendwa, tukisubiri kuulizwa tu, wangapi watapotea? Mashahidi 22 wa Uganda, waliouawa kwa ajili ya imani, hawakusubiri.

#26 Mlokole_wa_Kagera
Ni 45, mpendwa: 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana. Watu huisahau hii kila tarehe 3 Juni. Na watatu wa kwanza waliuawa 31 Januari 1885 huko Natete, mwaka mzima na zaidi kabla ya moto wa Namugongo wa 1886.

Mtazame pia Yosefu Mukasa Balikuddembe. Askofu Hannington aliuawa Busoga Oktoba 1885, naye Balikuddembe, akiwa mtumishi mkubwa wa ikulu, alimkabili Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, uso kwa uso kwa kumwaga damu hiyo. Aliuawa 15 Novemba. Alisema nafasi yake ikiwa mle ndani, kwa bwana aliyemtumikia kwa uaminifu. Kwa hiyo mfano huu unawabeba nyote wawili, wewe na Mwalimu.

#27 Mtumishi_wa_Mtaa
Asanteni, uzi umekuwa shule. Nina la kuongeza: huenda woga mwingine ni wa kushindwa. Tumezoea kuhesabu mikono iliyoinuliwa. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akamzika mkewe. Mwenzake Rebmann alimfuata Rabai, karibu na Mombasa, 1846 akakaa pwani miaka 29, akaondoka 1875 akiwa kipofu, waliobatizwa ni wachache mno. Kwa hesabu za ripoti zetu za robo mwaka wangeitwa wameshindwa. Kwenye mafunzo tumeanza kuandika mara ngapi mtu alisema, hatuandiki wangapi walikubali. Lengo ni watu wawili kwa juma. Woga unashuka, maana kusema kuko mikononi mwake, kukubali hakuko.

#28 Nesi_wa_Zamu
Hiyo hesabu ya wawili kwa juma isiingie wodini, tafadhali. Mgonjwa hawezi kuinuka aondoke, na sindano iko mkononi mwako. Hawezi kusema hapana kwa uhuru. Hata mwalimu kwa mwanafunzi, au bosi kwa anayengoja mkataba usainiwe. Akitaka maombi ataomba, mwite mchungaji wa hospitali au shehe, kadiri alivyosema mwenyewe. Yako ni kumgeuza ubavu kila saa mbili asipate vidonda, na kumjibu taratibu akiuliza kwa nini unamjali.

#29 Jirani_Mwema
Umenena, nesi.

#30 Binti_wa_Pwani
Kuna jambo halijaguswa: aliyekubali. Sisi tunashuhudia na kwenda nyumbani, yeye anabaki na baba, wajomba na mahari iliyokwisha pokelewa. Makosa ninayoyaona makanisani ni yaleyale. Wanampiga picha siku ya ubatizo na kuiweka mtandaoni, usiku huohuo ukoo umeiona. Wanambadilisha jina. Wanamwambia asile nyumbani. Kila kimoja kinamtangazia mama yake kwamba amemkataa yeye.

Aendelee kufua, kupika, kuwasalimia wazee kwa shikamoo ileile. Asitangaze sikukuu wala msibani. Aanze na mtu mmoja anayempenda, mara nyingi ni mama mdogo au bibi. Vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa viwe mahali anapoweza kuvifikia. Na kanisa lijue *kabla* atalala wapi akifukuzwa: nyumba ipi, kitanda kipi, nauli nani anatoa. Msimtafutie mahali saa nne usiku akiwa amesimama getini na mfuko wa nailoni.

#31 Mlokole_wa_Kagera
Hata familia za Kikristo, dada. Kijana akikataa kushiriki tambiko la ukoo, moto ni uleule. Ashiriki kuchimba kaburi, kupika, kuchanga fedha zaidi ya wengine, akatae lile moja tu. Anayekataa yote anaonekana amekataa ndugu.

#32 Kijana_wa_Mkutano
Swali kwa @Wakili_wa_Kona na wengine. Ana miaka 17, wazazi wanapinga, anataka ubatizo mwezi huu. Inakuwaje?

#33 Wakili_wa_Kona
Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na yuko chini ya malezi ya wazazi. Mkimhamisha nyumbani bila wao kujua mnaweza kujikuta kituoni kwa jambo zito kuliko spika. Angoje, afundishwe, akae kwao.

#34 Moto_wa_Juu
Towashi wa Matendo 8 hakungoja hata kufika mjini. "Tazama, maji haya."

#35 Mama_Uinjilisti
Towashi alikuwa mtu mzima na gari lake mwenyewe, mwanangu. Huyu analala kwa baba yake. Kijana, nenda na mchungaji mkamsalimie huyo baba, mchana, msiende kundi, na msianze na ubatizo. Mwulizeni yeye anaogopa nini juu ya mtoto wake. Akijibu, mje mtuambie hapa.

#36 Kijana_wa_Mkutano
Sawa Mama. Tunakwenda Jumamosi, wawili.